Nani Alimwita Mchawi

Kufuli lilikuwa bado limefungwa. Mlango wenyewe ulikuwa umeungua, mbao za juu zimeliwa na moto na za chini zimebaki nyeusi, lakini pete mbili za chuma zilikuwa zimeshikana vilevile na kufuli likining'inia katikati yake, upande wa nje.

Inspekta Salme Barakat alichuchumaa mbele yake akalitazama kwa muda bila kuligusa.

"Umati hauji na kufuli," alisema.

Sajenti Chrispine alikuwa amesimama nyuma yake, leso puani. "Pengine walilikuta hapa, madam."

"Walilikuta limefungwa? Na bibi yumo ndani?"



Jumapili iliyopita, jua likiwa utosini, nyumba hii ya udongo na makuti iliteketea katikati ya Junda huku mtaa mzima ukitazama. Ndani alikuwamo Nyamvula, mjane wa miaka sabini na kitu, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama. Wazima moto walimkuta amelala kifudifudi nyuma ya mlango. Daktari aliyemfanyia uchunguzi aliona mapafu yamejaa moshi na viganja vimechubuka. Alikuwa akigonga.

Tangu siku hiyo Salme alikuwa amewahoji majirani nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyekuwa ameona kitu. Mmoja alikuwa akipika. Mwingine alikuwa msibani Mtwapa. Mwingine alikuwa amelala, na alipoamka akaona moshi. Walimjibu kwa adabu, wakamletea kiti, wakamtakia kazi njema.

"Nisomee tena alivyosema mwanawe kuhusu kufuli," alisema.

Chrispine akafunua karatasi zake. Nyale, mwana wa pekee wa marehemu, alikuwa tandiboi wa lori, na siku ya moto alikuwa Malaba, mpakani. Kampuni yake ilithibitisha. Alisema kufuli lilikuwa la mamake, kukuu, lina ufunguo mmoja tu. Hawe alilitundika kwenye msumari kando ya kitanda, na alilitoa pale alipokuwa na safari.

"Kando ya kitanda," Salme alisema. "Basi aliyelifunga aliingia mpaka chumbani, akalitwaa msumarini, akatoka nalo, na Hawe asipige kelele. Na ufunguo?"

"Tumechekecha majivu yote na chekeche la mchanga. Tumepata bawaba, sufuria mbili, visu, misumari. Ufunguo hakuna."

"Basi anao aliyefunga. Na si mtu wa mbali. Ni mtu wa nyumbani."

Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kitu chochote kukaa mahali pake. Salme akainuka, akajipangusa majivu kwenye goti la suruali.

"Madam," Chrispine akasema polepole, "lakini kama huyu nyanya alikuwa mchawi kweli, kama wanavyosema?"

"Andika kwamba ufunguo haupo."

"Nimeandika."

"Basi twende."

*

Duka la Mussab lilitazamana na nyumba ya Hawe, njia ya mchanga katikati. Lilikuwa duka la kila kitu: unga, misumari, madaftari, mafuta ya taa. Mussab alimjua Salme kwa ukoo wake, na salamu zilichukua nafasi yake. Alimuulizia babake, akamuulizia ami yake wa Kibokoni, akamshukuru Mungu kwa wote wawili. 

"Jumapili uliona nini, Mussab?"

"Niliteremsha mlango wa duka, mimi."

"Kabla hujauteremsha."

"Niliona watu."

"Watu gani?"

"Watu wa mbali. Siwajui."

"Duka hili la nani?"

"Lilikuwa la babangu, Mungu amrehemu."

"Umezaliwa nyuma yake. Watu walijaa njia hii mpaka mwisho, na hukumjua hata mmoja?"

Mussab akaanza kupanga upya sabuni ambazo zilikuwa zimepangika tayari. "Bi Salme, wewe utaondoka hapa jioni. Mimi nalala hapa."

"Mafuta ya taa ulimuuzia nani siku ile?"

"Mafuta nauza kila siku."

Salme aliifahamu njia hii na alijua haifiki popote. Akabadilisha.

"Basi nambie hili. Hilo neno, mchawi. Wewe ulilisikia kwa nani?"

Uso wa Mussab ukalegea kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na mahakama ndani yake. "Kwa watu."

"Mtu wa kwanza."

Akafikiri. "Kwa Roseline. Yule aliyefiwa na mtoto. Alikuja kununua sabuni, akasema sasa wamejua ni nani. Mimi sikupendezwa na maneno yale, wallahi. Mimi nilikuwa na ubaya wangu na Hawe, lakini si huo."

"Ubaya gani?"

"Alikuwa akiuza mnazi pale barazani. Ramadhani na isiyokuwa Ramadhani. Watu wakilewa wakija kukojoa ukutani kwangu. Nilimwambia mara nyingi, akicheka tu. Mtu kama huyo utasema ni mwema?"

"Kwa hivyo ulipoteremsha mlango..."

"Niliteremsha mlango," Mussab alisema. "Sikuzidisha."

*

Roseline alikuwa akifua nguo za watu nyuma ya nyumba yake ya mabati. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka kama thelathini na mitano. Alipowaona alikausha mikono, akawatolea viti viwili vya plastiki, yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Pole kwa mtoto," Salme alisema.

"Ahsante. Linda alikuwa na miaka minne."

"Hospitali walisema nini?"

"Uti wa mgongo. Homa iliyoingia kwenye uti wa mgongo."

"Basi ni ugonjwa."

"Daktari alinieleza ugonjwa, inspekta. Hakunieleza nani aliuleta." Alisema bila hasira, kama anayemrekebishia mtu bei. "Linda alikwenda kwa Hawe asubuhi akapewa muhogo. Jioni akaanza kutapika. Watoto wote wa hapa wana mbu, wana maji machafu, wana kila kitu. Mbona afe wangu?"

"Ni nani aliyekwambia ni Hawe?"

"Mchungaji aliona."

"Aliona nini?"

"Kwenye maombi, Ijumaa. Alisema kuna mama mtaani ana jina la mvua, na nyuma ya kitanda chake amesimamisha kijiti kimevikwa vitambaa vyekundu na vyeupe na vyeusi. Alisema pale ndipo watoto wetu wanapokwenda. Kila mtu alisikia."

"Na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Baada ya kanisa?"

"Nilirudi."

"Ukaona nini?"

Roseline akatazama nguo zake kwenye karai. "Moshi," alisema.

Chrispine akaandika. Alikuwa ameliandika neno hilo mara nyingi wiki ile, na kalamu ilikwenda yenyewe.

*

Kanisa la Mchungaji Gershom lilikuwa la mabati, sakafu ya saruji, viti vimerundikwa pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa juu ya ngazi akifunga spika. Alishuka, akawapa mkono, akawakaribisha kama wageni wa kawaida.

"Sikumtaja mtu jina," alisema kabla ya kuulizwa.

"Ulisema jina lake lina mvua."

"Roho alisema."

"Mtaa huu una akina Nyamvula wangapi, mchungaji?"

"Sijawahesabu."

"Mmoja. Na ulisema nyuma ya kitanda chake kuna kijiti kimevikwa vitambaa."

"Naam. Na kilikuwapo. Muulizeni mwanawe."

"Nimemuuliza. Ni koma ya babake. Mtu akifa humsimamishia kijiti wakakivika kitambaa, ili asisahaulike. Ni ukumbusho."

"Kwao ukumbusho. Kwa Mungu ni sanamu."

"Hilo mtapatana na Mungu. Mimi nauliza ulikionaje." Salme akakaa kwenye kiti kimoja bila kukaribishwa. "Chumba kile kilikuwa hakina dirisha. Kijiti kilikuwa nyuma ya kitanda, huwezi kukiona mlangoni. Na wewe ukajua mpaka rangi zake tatu. Umewahi kuingia mle?"

"Mimi? Hapana."

"Basi aliyekueleza aliingia."

Gershom akafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Wajua ni kosa katika sheria ya Kenya kumtangaza mtu mchawi mbele za watu?" Salme akaendelea. "Naweza kukuchukua sasa hivi kwa hilo peke yake."

"Sheria hiyo waliiacha Wazungu."

"Bado inafanya kazi."

"Inspekta, wacha nikuulize." Sauti yake haikupanda. "Kijana akipigwa risasi kwenye vichochoro hivi, jioni redio husema jambazi ameuawa. Nani aliyempima? Mtu mmoja alisema jambazi, na basi, neno likamshika, hakuna mama wa mtu aliyeulizwa. Hapo ubaya unajulikana bila mahakama. Lakini waumini wangu wakizika watoto, wakasema huu ni ubaya, mnakuja kuuliza nani kasema, kasema lini, kajuaje."

"Nataka jina."

"Hujanijibu."

"Sikuja kujibu. Jina, mchungaji, ama tulitafute kituoni."

Gershom akamtazama Chrispine, kana kwamba angepata msaada kwa mwanamume mwenzake. Chrispine alikuwa akitazama spika.

"Mkaza mwana wake, mke wa Nyale," Gershom akasema mwisho. "Eddah. Alikuja kuombewa. Ndiye aliyekuwa akimwogesha yule bibi."

*

Eddah alikuwa amehamia kwa shangazi yake Mkomani, chumba cha uani. Alipofungua mlango na kuwaona hakuuliza wanataka nini. Aliingiza mkono kifuani chini ya leso, akatoa uzi mweusi uliofungwa ufunguo, akauvua shingoni, akampa Salme.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Nilitaka kuutupa. Nikashindwa nautupa wapi."

Salme akamsomea haki zake, akamwambia halazimiki kusema. Eddah akasema atasema. Akakaa kitandani, wao wakakaa kwenye mkeka kwa kuwa mahali pengine hapakuwapo.

"Mimba zangu zilikuwa zinatoka," alianza. "Zimetoka tatu. Nikaenda kwa mchungaji aniombee. Akaniuliza, kwenu nyumbani kuna nini? Nikamwambia hakuna kitu. Akasema fikiri. Nikafikiri, nikamwambia mavyaa wangu ana koma ya mumewe nyuma ya kitanda. Hivyo tu. Mimi sikusema mchawi. Nilikuwa nataka mtoto."

"Kisha Ijumaa akalisema mbele za watu."

"Nilikuwa nimekaa nyuma. Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Nilitaka kusimama niseme huyo mama hana neno, mimi ndiye ninayemwogesha, namjua mwili mzima. Sikusimama."

"Na Jumapili?"

"Walipotoka kanisani walikuwa wanakwenda kwa pamoja. Hawakuwa wanaimba. Nikajua. Nikakata njia ya nyuma ya visima, nikafika kabla yao. Mavyaa alikuwa anamenya muhogo. Nikamwambia, Mama, ingia ndani ulale chini, usitoe sauti, watu wanakuja. Akaniuliza, watu gani? Nikamwambia, Mama, ingia." Alikuwa akisema polepole, akiyaweka maneno moja moja. "Nikatoa kufuli msumarini, nikafunga kwa nje. Waone hayuko. Waone kufuli waende zao."

Salme alikuwa ameshika ufunguo kiganjani. Wiki nzima alikuwa amelichukua kufuli lile kuwa mkono wa muuaji.

"Walipofika uliwaambiaje?"

"Niliwaambia amekwenda Kaloleni kwa ndugu zake. Wakatazama kufuli. Wakaniamini. Wengine walikuwa wameanza kugeuka, wallahi naapa. Kisha mtu akasema, basi tuichome nyumba, akirudi akose pa kurudi."

"Nani alisema?"

Eddah akatikisa kichwa. "Sikuona. Ilikuwa sauti tu. Makuti yalikuwa makavu. Nikapiga kelele, nikasema yumo, yumo ndani. Kwanza hawakuniamini, kwa kuwa nilikuwa nimeshasema hayumo. Kisha mama akaanza kugonga."

Nje mtu alikuwa akiteka maji ya mfereji kwenye dumu. Walisikia dumu likijaa.

"Waliposikia anagonga," Salme akauliza, "walifanya nini?"

"Wengine walikimbia. Wengine walisimama. Hakuna aliyezima. Mimi ufunguo nilikuwa nao mkononi. Nilikuwa karibu, ningefika. Nilishikwa."

"Na nani?"

"Nilishikwa kwa nyuma."

"Eddah. Uliona mikono. Ulisikia sauti. Unamjua."

Kwa mara ya kwanza Eddah alimtazama usoni. "Nyale na mimi tuna pale tu pa kuishi, afande. Tutarudi Junda. Nilishikwa."

Salme aliuliza tena kwa njia nyingine, kisha kwa njia nyingine. Chrispine naye akajaribu. Kila mara jibu lilikuwa lile lile.

*

Mkuu wao, Afande Lenox, alisoma maelezo yote akiwa amesimama dirishani. Alikuwa mtu wa kazi, aliyesoma kila ukurasa, na hilo ndilo lililomuudhi Salme, kwamba hangeweza kumwambia hakusoma.

"Kazi nzuri," alisema. "Mshtakini."

"Nani, afande?"

"Huyu Eddah. Kufuli ni la nyumbani kwao, ufunguo ulikuwa kifuani kwake, amekubali mwenyewe mbele ya ofisa mwingine kwamba ndiye aliyefunga, na ndiye aliyepeleka habari za koma kwa mchungaji. Wakili wa serikali atataka nini zaidi?"

"Alifunga ili amwokoe."

"Hayo ni maelezo yake. Aliyasikia nani?"

"Watu zaidi ya mia."

"Niletee mmoja."

Salme akafungua daftari lake, akalifunga.

"Inspekta, umati hauna mkono wa kutia pingu. Hawa watu watasema walikuwa kanisani mpaka kiama. Makao makuu wananiuliza kila asubuhi, bibi amechomwa mchana kweupe, mmemkamata nani? Nina kufuli, nina ufunguo, nina mtu."

"Mtu siye."

"Basi jaji atamwachilia. Sisi hatuhukumu."

"Na mchungaji?"

"Hakutaja jina la mtu."

Salme akaomba apewe wiki moja zaidi, akakataliwa. Akaomba maoni yake yaandikwe kwenye faili, na hilo Lenox akalikubali bila shida, kwa kuwa yalikuwa maoni tu. Kesho yake Eddah alifikishwa mahakamani, hakutakiwa kujibu shtaka la mauaji, akarudishwa rumande. Nyale alisimama ukumbini na sare yake ya kazi, na Salme alipompita mlangoni alisema neno moja, "Ahsante," kwa sauti iliyomfanya Salme aone heri angetukanwa.

Siku iliyofuata Salme na Chrispine walirudi Junda wakaanza tena nyumba ya kwanza. Habari ilikuwa imeshafika. Sasa watu walikuwa na maneno. Kumbe ni mkaza mwana. Mambo ya ndani ya nyumba hayo. Tulijua. Wanawake ambao wiki nzima hawakuwa na la kusema walimweleza Salme jinsi Eddah alivyokuwa hamsalimii mavyaa wake, na jinsi alivyokuwa na jicho baya. Mussab alimpa soda, akakataa pesa yake.

"Alhamdulillahi limekwisha," alisema.

Salme akaiacha soda pale kaunta bila kuinywa.

*

Roseline alikuja kituoni Ijumaa alasiri. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, rangi ya maziwa, na mkoba mdogo. Aliuliza mapokezi akaelekezwa kwa Salme. Hakukaa alipoambiwa akae.

"Mmemfunga Eddah," alisema.

"Yuko rumande."

"Wanasema alimfungia mavyaa wake afe."

"Ndiyo wasemavyo."

"Si kweli. Eddah alikuwa anakwenda kufungua. Ufunguo alikuwa nao mkononi. Mimi ndiye niliyemsh..."

"Ngoja," Salme akasema, akainua mkono. "Usinambie mimi."

Mpelelezi wa kesi haruhusiwi kuandika maungamo ya mshukiwa wake. Maneno yale akiyapokea yeye, mahakamani yangetupwa. Ilibidi atoke amtafute ofisa mwingine wa cheo chake. Wa kwanza alikuwa likizoni. Wa pili alikuwa Bamburi kwenye ajali. Salme alikwenda ofisi hadi ofisi akijikaza asikimbie, akiogopa kwamba akirudi atakuta kiti kitupu. Mwisho alimpata Inspekta Abdulaziz akitoka msikitini, viatu bado mkononi. Roseline akaambiwa anaweza kuita mtu wake akae naye. Akamwita dada yake aliyekuwa akiuza samaki Kongowea, ikabidi wamngoje. Ndipo mlango ukafungwa na Salme akabaki nje barazani, Chrispine kando yake.

"Sielewi," Chrispine alisema. "Alikuwa amepona. Hakuna mtu angemgusa."

"Hata mimi sielewi."

Abdulaziz alitoka na karatasi mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Amesema yote. Yake tu, ya wengine hataki. Lakini hatii sahihi."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya neno moja."

Salme akaisoma. Maandishi ya Abdulaziz yalikuwa mazuri, ya mtu aliyefunzwa chuoni. Sentensi ya mwisho ilisema: *Hivyo ndivyo nilivyoshirikiana na wengine kumuua Nyamvula.*

"Maneno haya ameyasema yeye?"

"Ni maana yake."

Salme akasukuma mlango akasimama kizingitini. Roseline alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani. Dada yake alikuwa akilia bila sauti.

"Unakataa kutia sahihi."

"Kuua sikuua," Roseline alisema. "Hilo si langu. Aliyeua ni yeye. Alimuua Linda. Mimi nilimshika Eddah."

"Ulijua mlango usipofunguliwa Hawe atakufa."

"Nilijua."

"Ulimsikia akigonga."

"Nilimsikia. Nilikuwa nikimsikia Linda pia, usiku wa mwisho, akipumua. Hakuna aliyekuja kufungua."

"Basi mbona umekuja hapa? Kama hukufanya ubaya, umekuja kufanya nini?"

Roseline alimtazama kama aliyeulizwa jambo la wazi mno. "Kwa ajili ya Eddah. Eddah hana kosa. Kumfunga mtu asiye na kosa ni ubaya. Siwezi kulala na jambo kama hilo."

Chrispine, nyuma ya Salme, alivuta pumzi.

"Siku ile ya moto ulilala?" Salme akauliza.

"Nililala vizuri," Roseline alisema. "Mara ya kwanza tangu nizike."

Salme akageuka. "Abdulaziz, andika upya. Mwandikie anavyosema mwenyewe, neno kwa neno. Usimtafsirie." Akatoka, akafunga mlango.

Walisubiri. Nje miito ya magari ya Malindi ilikuwa imeanza kuchanganyika na sauti za watu wanaotoka kazini. Abdulaziz alipotoka mara ya pili karatasi ilikuwa na sahihi, chini yake sahihi ya dada mtu, imeloa pembeni. Salme aliishika karibu na mwanga. Sentensi ya mwisho sasa ilisema: *Nilimshika Eddah mikono yote miwili kwa nyuma, nikamkamata mpaka mama akaacha kugonga, ndipo nikamwachilia.*

Aliisoma mara mbili. Kisha akampigia simu Afande Lenox. Haikupokelewa. Akampigia wakili wa serikali, akajibiwa na karani kwamba mwenyewe ameshaondoka, na kwamba maombi ya kumwondolea mtu mashtaka hupelekwa kwa maandishi, yakasikilizwa siku ya kazi, jaji akiwapo.

"Jaji atakuwapo lini?"

"Jumatatu. Kama hana semina."

Salme akaweka simu. Mlango ulikuwa wazi, na Roseline alikuwa amesikia.

"Eddah atatoka leo?" aliuliza.

"Leo haiwezekani."

"Nimeshasema. Nimetia sahihi."

"Najua. Lakini ameshafikishwa mahakamani. Mpaka Jumatatu, pengine zaidi."

"Wewe unajua hana kosa."

"Najua."

"Na mkubwa wako akisoma hii atajua."

"Atajua."

"Na bado atalala ndani." Roseline alingoja, kwa adabu ile ile ya siku ya viti vya plastiki. "Hilo nyinyi mnaliitaje?"

Salme alikuwa na neno, la kazini, alilokuwa amelitumia miaka yote. "Utaratibu," alisema.

Roseline akatikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Akampa dada yake mkoba. Akainama akavua viatu vyake vyeupe, akaviweka kando ya ukuta pamoja, akauliza seli ziko upande gani.